Kidonge cha sukari na mapigo ya moyo
Msikilizaji, mgonjwa wa kisukari anayeshuka Karatu kutoka Endulen kufuata dawa huenda akapewa glibenklamidi, kidonge cha bei nafuu. Kinafanyaje kazi? Kwenye kongosho hufunga vijilango vya potasiamu. Vya kalsiamu vikafunguka, insulini ikatoka.

Sasa basi, vijilango vya potasiamu vimo pia moyoni, na kalsiamu ndiyo inayouamuru moyo udunde; ndiyo maana kuna hofu kwamba dawa za aina hii huenda zikaugusa moyo. Mwaka 1970 utafiti wa Marekani uliihusisha tolbutamidi, ndugu wa dawa hiyo, na vifo vya moyo. Kwa upande wa pili, utafiti wa CAROLINA wa 2019 uliona glimepiridi, ndugu mwingine, haiudhuru moyo zaidi ya dawa mpya iliyolinganishwa nayo.

Mtu asiache dawa! Sukari isiyodhibitiwa nayo huuharibu moyo. Ila je, anayepewa kidonge hicho huulizwa kwanza habari za moyo wake?