Jina Lililoandikwa Juu ya Gunia

Iko chumvi moja nyeupe, nitrati ya amonia kwa jina lake la kitaalamu, ambayo mkulima huimwaga shambani kwa kopo bila ya hofu yoyote, ilhali mvunja miamba wa machimboni huitengeneza ikawa baruti. Na jioni hii nataka tutazame jinsi sheria inavyohangaika kuipa chumvi hiyo mahali pa kukaa.

Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya uchukuzi wa vitu vya hatari zina madaraja 9. Baruti na jamaa zake zimewekwa katika daraja la kwanza, lenye mafungu 6, kuanzia vitu ambavyo shehena yake nzima hulipuka kwa mkupuo mmoja. La kustaajabisha, na kwangu mimi ndiyo hekima kubwa ya kanuni hizo, ni kwamba fungu halifuati tabia ya kitu peke yake: fataki zile zile za kulipulia miamba zikifungwa namna hii huhesabiwa za fungu la kwanza, na zikifungwa namna nyingine, moja isiweze kuiambukiza ya pili, hushuka mpaka fungu la nne. Tena fataki hizo kwa kawaida hazilazwi chumba kimoja na baruti yenyewe. Ni kana kwamba sheria humwuliza mgeni si jina lake tu, bali na vazi alilovaa, na jirani atakayelala naye.

Ama ile chumvi yetu, ikiwa safi, imekalishwa daraja la tano, miongoni mwa vitu visivyoitwa baruti ila huupa moto pumzi. Lakini ikiingiwa na vitu vya kuungua kupita sehemu 2 katika 1,000, kanuni huihamishia daraja la kwanza. Mpaka wenyewe ni mwembamba hivyo.

Mfano mmoja: huko Oppau, Ujerumani, wafanyakazi wa kiwanda cha mbolea walikuwa na lundo la nitrati hiyo iliyochanganywa na salfeti, nalo lilipogandamana walilivunja kwa baruti ndogo ndogo, jambo walilokwisha kulifanya maelfu ya mara pasitokee lolote, mpaka mazoea yakawa ndiyo ushahidi wao kwamba mbolea ile haiwezi kulipuka. Asubuhi ya 21 Septemba 1921 ililipuka, ikaua watu zaidi ya 500.

Karne moja baadaye, au karibu yake, mkasa wa namna hiyo ulianza kwa mzigo uliokuwa ukija bahari yetu ya Hindi. Meli Rhosus iliondoka Batumi, Georgia, mwaka 2013 na tani 2,750 za chumvi hiyo, safari yake ikiwa ni Beira, Msumbiji, ambako ilitakiwa kwa kutengenezea baruti za migodini. Ikatia nanga Beirut, Lebanon, ikazuiliwa, mwenyewe akaitelekeza, na mwaka 2014 shehena ikateremshwa katika ghala namba 12. Maofisa wa forodha waliwaandikia mahakimu barua baada ya barua, wakiomba mzigo ule uuzwe au utolewe nchini. Sioni kwamba elimu ilipungua hapo, wala kwamba kitabu cha kanuni kilikosekana. Jina la mzigo lilijulikana, na hatari yake ilikwisha kuandikwa, walakini lile swali la jirani halikufuatwa, kwa maana katika ghala lilo hilo ziliwekwa fataki za sherehe.

Jioni ya 4 Agosti 2020 moto ulishika ghala, na kilichofuata kiliua watu zaidi ya 200 na kuharibu sehemu kubwa ya mji. Meli iliyoileta shehena hiyo haikuwapo kushuhudia: ilikuwa imezama bandarini pale pale tangu mwaka 2018, na mzigo wake ukaendelea kungoja majibu ya barua.