Askari na Maumivu ya Viungo: Daktari Yupi?

Katika nchi za Afrika Mashariki, askari wa majeshi ya ulinzi na wa polisi wamezoea kuyahesabu maumivu ya viungo kuwa ni sehemu ya kazi. Gwaride, doria za usiku na miaka mingi ya kusimama barabarani huacha alama magotini na nyongani, na anayelalamika huogopa kuitwa mtegaji. Basi humeza vidonge vya kutuliza maumivu mwaka hadi mwaka. Yanapozidi hata akashindwa kufunga kamba za viatu, ndipo anapouliza amwendee daktari gani. Na wenzake, kwa nia njema kabisa, humjibu kwamba aende kwa daktari wa mifupa.

Jibu hilo linawafaa baadhi ya wagonjwa na linawachelewesha wengine. Goti lililoumia zamani mazoezini, ambalo gegedu lake limelika, huuma zaidi mtu anapotembea na kutulia anapopumzika. Likifikia hatua ya kuhitaji upasuaji, hilo ni la daktari wa mifupa. Lakini iko baridi yabisi ya namna nyingine, ambayo kinga ya mwili yenyewe hushambulia viungo. Hiyo huanzia mara nyingi kwenye vidole vya mikono na vya miguu, pande zote mbili. Mgonjwa huamka amekakamaa kwa nusu saa, saa nzima au zaidi, na hupata nafuu kadiri anavyojishughulisha. Kisu cha mpasuaji hakiuzuii ugonjwa huo. Unamhitaji bingwa wa magonjwa ya viungo na, asipopatikana, bingwa wa magonjwa ya ndani. Ama jongo, ambayo hushika ghafla na aghalabu kwenye kidole gumba cha mguu, hata daktari wa kawaida aliyeitambua aweza kuimudu.

Tofauti hiyo si ya majina tu. Wataalamu wa Ulaya wanapendekeza mwenye uvimbe wa viungo aonwe na bingwa ndani ya wiki 6, na anayeelekea kupata ugonjwa wa kudumu aanze dawa za kuuzuia ndani ya miezi 3, kwa sababu mfupa ukishaliwa haurudi. Lakini bingwa huyo yuko wapi? Katika nchi hizi mabingwa wa viungo ni wachache mno, na wengi wao wako katika miji mikuu.

Hapo ndipo mfano wa Kenya unapostahili kutazamwa. Katika mpango ulioitwa UWEZO, ambao taarifa yake ilichapishwa mwaka 2016, madaktari wa Kenya na wa Uingereza walishirikiana kuwaandaa wakufunzi, nao wakawafundisha wahudumu wa afya namna ya kuvipima viungo na kumtambua mgonjwa wa kupelekwa mbele. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani anayechagua njia ya mgonjwa kwa hakika ni tabibu wa kwanza kumwona.

Askari ana nafuu fulani kuliko mkulima wa kijijini. Tanzania ina hospitali ya jeshi ya Lugalo na ya polisi ya Kilwa Road. Nairobi iko hospitali kuu ya majeshi, na Uganda iko ya Bombo. Njia ya kufika huko huanzia kwa tabibu wa kambi, na inampasa askari amweleze waziwazi: viungo vipi vimevimba, tangu lini, asubuhi hukakamaa kwa muda gani, na vidonge vipi amekuwa akivinunua dukani. Hilo la mwisho hufichwa sana, kumbe lina uzito. Diklofenaki ya kila siku huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Predinisoloni nayo huufuta uvimbe hata daktari akadanganyika, na aliyeitumia kwa muda mrefu hapaswi kuikatisha ghafla. Barua ya rufaa ikitoka, ruhusa ya kamanda isikawie.

Aliyevimba kiungo kimoja ghafla, kikawa cha moto, naye ana homa, hangoji barua wala zamu kwisha. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, nao huweza kukiharibu katika siku chache. Huyo hupelekwa hospitali siku ile ile.