Shamba la Efroni na Kaburi la Mkomani

 Maneno haya yanatoka Majoreni, pwani ya kusini, upande wa Shimoni na Vanga. Leo tunaomba tuzungumze juu ya makaburi. Tunajua si neno linalopendwa asubuhi kabla ya chai, lakini vumilieni nasi kidogo.

Somo letu ni Mwanzo, sura ya 23. Sara amekufa huko Hebroni. Ibrahimu, aliyeahidiwa na Mungu nchi yote, hana hata hatua moja ya ardhi ya kumlaza mkewe. Anasimama mbele ya wenyeji, wana wa Hethi, anakiri kwamba yeye ni mgeni kwao, anaomba auziwe mahali pa kuzikia. Wenyeji wale wana adabu. Wanamwambia achague kaburi lolote katika makaburi yao. Efroni naye anasema yuko tayari kumpa shamba bila malipo. Ibrahimu anainama, anashukuru, na bado anapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi mlangoni mwa mji. Mwandishi anataja shamba, pango, na hata miti iliyokuwa mpakani. Wale waliowahi kununua shamba huku kwetu bila mashahidi wataelewa kwa nini miti ile imetajwa.

Basi, katika nchi yote ya ahadi, kipande cha kwanza alichokimiliki Ibrahimu kilikuwa kaburi.

Kitabu hicho cha Mwanzo ndicho alichoanza kukitafsiri kwa Kiswahili mmisionari Johann Ludwig Krapf mjini Mombasa, tarehe 8 Juni 1844, akisaidiwa na Kadhi mmoja wa mji huo. Wiki tano baadaye Krapf mwenyewe alikuwa mgeni anayetafuta mahali pa kumlaza mke wake.

Mama huyo aliitwa Rosina, binti wa Dietrich, mwenyeji wa Basel katika Uswisi. Waliooana naye Misri mwaka 1842, wakaenda Uhabeshi, wakafukuzwa huko. Njiani, nyikani, Rosina alijifungua mtoto kabla ya wakati, wakampa jina la Eneba, maana yake chozi, na mtoto yule hakuishi. Walipofika Mombasa mwaka 1844 alikuwa mjamzito tena. Mwanzoni mwa Julai alijifungua mtoto wa kike, na homa ikawashika wote wawili, mume na mke, kitanda na kitanda. Rosina aliwaombea jamaa zake, akaiombea kazi ya Injili na nchi hii ya Afrika ya Mashariki, akamwombea hata Sultani. Tarehe 13 Julai akafariki. Mumewe alikuwa mgonjwa kiasi kwamba aliinuka kwa shida kuhakikisha kama kweli amekata roho. Baada ya siku chache mtoto naye akafa.

Sasa sikilizeni agizo aliloacha mama yule. Hakutaka kuzikwa mjini, kisiwani. Aliomba azikwe bara, ng'ambo ya maji, mahali ambapo watu wa bara watapita, ili kaburi lake liwakumbushe neno lililowaleta yeye na mumewe. Ndivyo ilivyofanyika. Kaburi liko Mkomani, katika Nyali, likitazamana na mji wa kale wa Mombasa. Krapf aliwaandikia wakubwa wa Chama cha Misioni cha C.M.S. huko London kwamba sasa wana kaburi katika pwani hii, na hiyo ni dalili ya kuwa kazi imeanza. Hakuwa na mwongofu hata mmoja wa kuwaandikia habari zake. Kanisa wala shule hakuwa nazo. Alikuwa na kaburi. Rebmann alimfikia mwaka 1846, ndipo wakafungua kituo cha Rabai, na Krapf mwenyewe akaja kufa Ujerumani mwaka 1881, akazikwa Korntal. Rosina ndiye aliyebaki.

Leo Nyali ni mtaa wa wenye nafasi, wenye hoteli na kuta ndefu, na wengi hupita pale wakienda ufukoni bila kujua ni nani amelala karibu nao. Tukipata nafasi ya kwenda Mombasa, tupite. Wala haitugharimu ila nauli ya matatu.

Si mbali na hapo ni Frere Town, waliyoianzisha watu wa C.M.S. mwaka 1875, baada ya mkataba wa 1873 uliomfanya Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Walikaa humo watu waliotolewa majahazini na manowari za Kiingereza, na wengine waliokuwa wamelelewa Nasik, katika Bara Hindi. Kengele yao ingalipo kando ya barabara, na mahali penyewe panaitwa Kengeleni hata sasa. Kutoka kwa watu hao Askofu Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler wawe mashemasi, mwaka 1885. Tunapowasikia watu wakisema Kanisa la pwani lilijengwa na Wazungu peke yao, hatukubali.

Na yuko mmoja ambaye habari zake zinaligusa somo letu hasa. Ni Matthew Wellington, Myao, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Chengwimbe. Aliuzwa akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akasomeshwa Nasik, na mwaka 1872 akaingia katika msafara wa Daktari Livingstone. Livingstone alipofariki kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, mwezi Mei 1873, watumishi wake walishauriana. Waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana mwingine wa Nasik, akasoma ibada ya maziko. Kisha waliukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba mabegani zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika mwezi Februari 1874. Mwili ulizikwa London mwezi Aprili mwaka ule ule. Wellington aliishi miaka mingi baadaye katika pwani yetu, akafariki Mombasa mwaka 1935. Yeye aliyembeba mwenzake mpaka pwani ili arudishwe kwao hakurudishwa Uyao.

Tumewataja hao kwa sababu ya jambo linalotusumbua sisi wenyewe, hapa Majoreni na katika makanisa mengi ya pwani ya kusini. Wengi wetu tumetoka bara. Tulikuja kwa kazi, kwa biashara, kwa ualimu, kwa ndoa. Tumekaa miaka ishirini, thelathini, watoto wetu wanasema Kidigo kuliko lugha ya babu zao. Lakini ndugu mmoja akifa, jambo la kwanza ni kukodi gari. Mwili unalala chumba cha maiti siku nyingi huku harambee zikifanywa kila jioni, kisha unasafirishwa Kitui, Taita, hata Siaya. Gari likirudi, mjane anabaki na deni, na watoto wanakosa karo muhula unaofuata. Akina Mama wa kanisa wanaijua habari hii vizuri kuliko wazee wa baraza, maana wao ndio wanaomtembelea mjane yule mwezi wa pili na wa tatu, wakati wenye kuhutubia mazishini wamekwisha kusahau.

Hatusemi kumrudisha mtu kwao ni dhambi. Yakobo aliagiza azikwe Makpela, na Yusufu aliwaapisha ndugu zake waichukue mifupa yake kutoka Misri. Wale vijana wa Nasik nao hatuwezi kuwalaumu kwa upendo wao. Lakini Ruthu, mwanamke Mmoabu, aliapa kwamba atakapofia Naomi ndipo atakapofia naye, na huko atazikwa. Biblia inazo safari za aina zote mbili. Tunaloliona kuwa baya ni mwili kugeuzwa kuwa shauri la kugombaniwa. Wakenya wanaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Ngong, ukoo wake ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, na mahakama ikaamua upande wa ukoo. Alizikwa tarehe 23 Mei 1987. Siku 154! Hatumhukumu mtu wa nyumba ile. Tunauliza tu kama sisi tumekwisha kuwaambia watu wetu wa nyumbani, tukiwa hai na akili timamu, tunataka nini. Rosina alisema mapema, na mumewe, mgonjwa kama alivyokuwa, hakuwa na la kukisia.

Tuwatazame pia majirani zetu Waislamu. Mtu akifa asubuhi, mara nyingi jua halijazama amekwisha kuzikwa. Majirani wanachimba, wanabeba jeneza kwa zamu, na tajiri na maskini wanavikwa sanda ile ile. Hakuna anayemwuliza marehemu kabila lake. Tusione haya kujifunza kwa jirani, kama Ibrahimu asivyoona haya kuinama mbele ya wana wa Hethi.

Na pale Shimoni kuna pango linalojulikana, ambamo, kama wazee wanavyosimulia, watumwa walifungiwa wakingoja majahazi ya Unguja. Hao hawakuulizwa wazikwe wapi. Tunapoishi karibu na mahali kama hapo, mkristo aliye huru kuchagua asiache jambo hili lijiamulie lenyewe.

Kwa hiyo tunayaomba mabaraza ya parishi yafanye mambo mawili kabla ya mwaka kwisha. Kwanza, kila kanisa liulize kama lina kiwanja cha kuzikia, chenye hati na mashahidi, na miti ya mpakani ijulikane. Panapokosekana, tuwaendee wazee wa kijiji kwa adabu, tuseme sisi ni wageni, tununue kwa bei ya haki hata tukipewa bure. Pili, kila Mkristo mwenye jamaa aketi nao jioni moja aseme atakapozikwa, aliandike, na mzee wa kanisa apewe nakala. Anayetaka kupelekwa kwao aseme, na aanze kuweka akiba mwenyewe. Anayetaka kubaki hapa nasi aseme pia.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyelala katika kaburi la kuazimwa, uwakumbuke wajane wanaolipa madeni ya mazishi leo, na uwape wazee wetu ujasiri wa kuanza mazungumzo haya nyumbani kwao wenyewe. Amina.