Nyuma ya Kiti cha Mwenyekiti
(Maneno ya ofisi ya uratibu kwenye mkutano mkuu wa mwaka)



Kwa kawaida hamtuoni hapa mbele. Sisi ni wale wa mlangoni wenye daftari la mahudhurio, na ndio tunaowapigia simu kukumbusha ahadi. Leo Kamati imetutaka tueleze kazi yetu, maana mkutano uliopita mwanachama mmoja aliuliza swali la haki kabisa: kwa nini sehemu ya michango ilipe watu wa ofisi wakati bweni la wasichana halina paa?

Tutajibu, ila tutaanza na kosa letu.

Msimu uliopita tulimpangia Mwenyekiti vikao viwili kwa siku moja: Mbeya mjini saa tatu asubuhi, Mafinga saa nane mchana. Kwenye karatasi ilionekana sawa. Lakini sote tunaijua ile barabara. Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako, ni zaidi ya kilomita 200, malori ya Tunduma yamejipanga, na kila kijiji kina kibao cha 50. Kikao cha Mbeya kilianza saa tano, kama vikao vyetu vinavyoanza. Mafinga tuliingia saa moja usiku, baridi imeshashuka. Kina mama walikuwa wamepika tangu asubuhi. Wazee wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Mmoja aliyebaki alitwambia kwa upole, "Mwenyekiti hatumlaumu. Tungependa kumjua aliyempangia safari."

Aliyempangia ni sisi, na tulikuwa tumekaa siti ya nyuma.

Mwaka ule mchango wa tawi lile haukuja. Hawakugoma, walinyamaza tu, na kunyamaza kwa mzee wa kwetu ni jibu tosha. Kabla ya mavuno tulirudi wenyewe, bila Mwenyekiti, tukaomba radhi. Walitupokea. Mwaka huu tawi lile limechanga, na ndilo lililowahi kuliko yote.

Ndugu zetu, hapo ndipo ilipo kazi yetu. Mwenyekiti wetu hajiriwi na umoja huu. Ana shughuli zake, ana familia, na anaitwa kila msiba na kila harusi kuanzia Kitonga hadi Kyela. Akisema "nitakuja", neno lile ni mali ya umoja. Sisi ndio tunaolitunza: kuangalia ratiba kabla hajakubali, kumwambia "hapana, Mzee, siku hiyo haiwezekani" hata kama hataki kusikia, kuandika muhtasari siku ileile, kumkumbusha jina la mjane aliyetoa elfu kumi ili asimpite bila kumshukuru. Kila shilingi iwe na risiti, ya benki au ya simu, ili mkaguzi akija akute daftari na fedha vinasema jambo moja.

Kazi hii si ngeni nchini. Joan Wicken, Mwingereza, alisaidia kuanzishwa kwa Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa 1961, na kabla ya hapo alihangaika kukichangishia fedha, kama sisi leo na bweni letu. Tangu 1960 alikuwa msaidizi binafsi wa Mwalimu Nyerere, na aliendelea kumsaidia hata baada ya Mwalimu kung'atuka urais 1985. Hotuba za Mwalimu tunazikumbuka. Aliyekaa naye kwenye rasimu wachache wanamjua. Hatujilinganishi naye. Tunasema tu kwamba kiongozi anayesikika vizuri mara nyingi ana mtu asiyesikika.

Kina mama wa umri wetu walioitaka kazi hii walikwenda mbali, hadi Chuo cha Uhazili Tabora. Leo Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi Mbeya. Wasichana tunaowajengea bweni wanaweza kuisomea karibu na nyumbani, wakaja kukalia viti hivi tukichoka.

Sasa tulijibu swali. Ndiyo, ofisi inakula fedha: nauli, vocha, karatasi, na posho yetu. Vyote vimeandikwa kwenye taarifa ya fedha mliyogawiwa, mstari kwa mstari. Tunaomba mwisome na mtuulize. Lakini siku moja iliyopangwa vibaya ilitugharimu mchango wa tawi zima. Hiyo hasara haikuandikwa popote, na bado inaonekana: kuta zimesimama, mabati hayapo, na watoto wetu wa kike wanaendelea kupanga mageto karibu na shule, wanapika wenyewe na kurudi gizani.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, aliyeahidi mwaka jana amalizie kabla ya mvua za Novemba, maana fundi hapandi juu ya paa mvua ikinyesha. Pili, ukitaka kumwalika Mwenyekiti, pitia ofisini. Ukimpigia yeye mwenyewe usiku atakubali, kesho tutakuwa na vikao viwili tena. Tatu, tukikosea mtwambie mapema, kama yule mzee wa Mafinga, wala msinyamaze.

Sisi tunaahidi moja tu: hakuna kijiji kitakachopika tena kikangoja hadi usiku kwa sababu yetu.

Daftari liko mlangoni. Kalamu ipo.