Kimo Kwanza, Upana Baadaye: Monita ya Mfasiri na Mhariri

Mada iliyowasilishwa katika warsha ya wafasiri na wahariri wa Kiswahili

1. Utangulizi



Nimeombwa nizungumzie kifaa tunachokikodolea macho tangu asubuhi hadi jioni bila kukijadili: monita. Swali lenyewe ni hili. Mfasiri au mhariri anayetaka kununua monita leo achukue ya kawaida, yenye uwiano wa 16 kwa 9, au achukue ile pana ya 21 kwa 9, ambayo madukani huitwa altrawaidi?

Naomba nianze na karatasi. Siku niliyokwenda Kariakoo kununua monita ninayoitumia sasa, nilitia mfukoni karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara nne. Muuzaji alipoiona alidhani ni ankara ya ofisi. Nikaikunjua, nikaibandika kwa kiganja juu ya kioo cha monita ya kwanza, ya kawaida ya inchi 24. Karatasi ilienea kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, haikubaki hata nafasi ya kidole. Maana yake menyu za Word na upau wa kazi zingekula mistari ya ukurasa. Nikahamia monita pana ya inchi 29. Hapo karatasi ilizidi kioo kwa sentimita moja. Kwenye ya kawaida ya inchi 27 ilikaa vizuri, ikaacha nafasi ya vidole viwili. Kwenye pana ya inchi 34, hali ikawa ileile.

Muuzaji alikuwa akiipigia debe ile ya inchi 29. "Chukua hii, bosi. Ishirini na tisa si kubwa kuliko ishirini na saba?" Hakuwa na nia ya kunidanganya, namba ndiyo iliyokuwa inatudanganya sote wawili. Mada yangu imezaliwa pale. Hoja yake ni moja: anayefanya kazi na maandishi anunue kimo kwanza, na upana aununue baada ya kujua anafungua kurasa ngapi kwa wakati mmoja.

2. Maumbo haya yametoka wapi

Wale wenzangu wa rika langu wanazikumbuka monita za chogo. Uwiano wake ulikuwa 4 kwa 3, sawa na televisheni za wakati ule. Sinema nazo zilikuwa karibu na umbo hilo, mpaka televisheni ilipoanza kuwabakiza watu nyumbani. Huko Marekani kampuni za filamu zikajibu kwa kupanua picha. Mwaka 1953 filamu ya The Robe ikaonyeshwa kwa mfumo wa CinemaScope, upana wake zaidi ya mara mbili ya kimo. Televisheni ikabaki na 4 kwa 3 na sinema ikaenda zake.

Katika miaka ya 1980 mhandisi Kerns Powers alitafuta umbo la televisheni mpya litakalozipatanisha pande hizo mbili. Alichora mistatili ya maumbo mbalimbali yenye eneo sawa, akaipandanisha, akaona mstatili wa 16 kwa 9 unaichukua yote. Umbo hilo lilikuwa suluhu ya ugomvi wa sinema na televisheni. Kompyuta ziliingia baadaye: kufikia mwaka 2010 hivi, viwanda vilikuwa vimehamia huko, na monita za 16 kwa 10, zilizokuwa na kimo kikubwa kidogo, zikawa adimu.

Monita pana zikafuata mwishoni mwa mwaka 2012, mfano LG 29EA93 yenye pikseli 2560 kwa 1080. Mwaka 2017 Samsung ikatoa ya inchi 49 yenye uwiano wa 32 kwa 9.

Ninayasimulia haya kwa sababu moja. Maumbo makuu kati ya haya hayakuzaliwa ofisini. Yote yametoka kwenye jumba la sinema na sebuleni. Ukurasa wa kitabu husimama, kioo kimelala. Kila mmoja wetu kazini anajaribu kumsimamisha mtu ndani ya kitanda.

3. Inchi zinavyodanganya

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa mshazari, kutoka kona hadi kona. Kadiri kioo kinavyopanuliwa, ndivyo mshazari unavyorefuka hata kama kimo kimepungua. Vipimo vya vioo vyenyewe, bila fremu, ni hivi:

Kawaida, inchi 24: upana sm 53, kimo sm 30.
Kawaida, inchi 27: upana sm 60, kimo sm 33.6.
Kawaida, inchi 32: upana sm 71, kimo sm 40.
Pana, inchi 29: upana sm 68, kimo sm 28.6.
Pana, inchi 34: upana sm 80, kimo sm 33.4.
Pana zaidi, inchi 49: upana sm 120, kimo sm 33.7.

Tuzisome polepole. Monita pana ya inchi 34 ni ya kawaida ya inchi 27 iliyoongezewa sentimita 20 ubavuni, kimo hakijabadilika. Ya inchi 49 ni mbili za inchi 27 zilizounganishwa. Ile ya inchi 29 niliyosifiwa ni fupi kuliko hata ya kawaida ya inchi 24. Na anayelinganisha 34 pana na 32 ya kawaida ajue kwamba ya 32 ndiyo yenye eneo kubwa zaidi, ingawa namba yake ni ndogo.

Jambo la pili ni pikseli, kwa sababu ndizo zinazochonga herufi. Monita ya inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440 ina pikseli kama 109 katika kila inchi, na pana ya inchi 34 yenye 3440 kwa 1440 ina kama 110. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine hataona tofauti ya ukubwa wa herufi. Lakini sokoni kuna monita pana za inchi 34 zenye pikseli 2560 kwa 1080 tu. Hizo zina pikseli 82 kwa inchi. Kwa mchezo wa kompyuta zinafaa. Kwa mhariri anayetafuta nukta iliyopotea, herufi zinaonekana kama zimeota meno. Bei yake ndogo ina sababu.

4. Kazi gani inataka nini

4.1 Mfasiri

Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo wengi wetu tumeshika kazi za kutafsiri sheria, kanuni na mikataba, na kazi hizo ni za safu mbili kwa asili yake. Matini chanzi lazima yawe machoni, tafsiri iwe pembeni yake, na orodha ya istilahi isiwe mbali.

Nitaeleza meza yangu ilivyo. Kushoto nimefungua PDF ya sheria ya Kiingereza. Katikati ipo programu ya tafsiri, yenye sentensi ya Kiingereza upande mmoja na ya Kiswahili upande wa pili. Kulia kuna faharasa, na chini yake kamusi. Kwenye kioo cha inchi 27 madirisha hayo matatu yalikuwa yanabanana, na neno kama "yaliyokwishaandikishwa" lilikuwa likijaza karibu nusu ya mstari katika safu nyembamba. Sentensi moja ya kisheria ilivunjika mistari tisa, na kiambishi cha ngeli kikawa mbali na nomino yake. Hapo ndipo makosa ya upatanisho yanapojificha: kichwa cha sentensi hukioni tena unapofika mkiani.

Upana wa sentimita 80 unapokea kurasa tatu za A4 kwa ukubwa wake halisi na sehemu kubwa ya ukurasa wa nne. Ule wa sentimita 60 unapokea mbili na sehemu kubwa ya wa tatu. Kwa mfasiri ukurasa huo mmoja wa nyongeza si anasa. Ni tofauti kati ya kugeuza jicho na kubadilisha dirisha, na kila unapobadilisha dirisha unasahau nusu ya sentensi uliyokuja nayo. Kwa kazi hii, monita pana ya inchi 34 inastahili pesa yake.

4.2 Mhariri wa vitabu

Mhariri husoma kwa kushuka. Muswada wake ni mmoja, na anachohitaji ni kuiona aya nzima, ile iliyotangulia na ile inayofuata. Ukimpa sentimita 20 za ubavuni utakuwa umeiongezea baraza nyumba isiyo na vyumba. Yeye atafute monita ya kawaida ya inchi 32, yenye kimo cha sentimita 40. Akiwa na pesa kidogo, achukue ya inchi 24 yenye kiguu kinachozunguka, aisimamishe wima. Kioo kikisimama hivyo kinakuwa na kimo cha sentimita 53: ukurasa mzima na zaidi ya robo tatu ya unaofuata.

4.3 Wengine

Wanaoandika manukuu ya filamu watapenda upana, kwa kuwa ukanda wa muda hulala na kila sentimita ya ubavuni ni sekunde kadhaa zaidi zinazoonekana. Lakini wajue kwamba video ya kawaida ikifunguliwa kujaza kioo cha 3440 kwa 1440 huacha pikseli 440 nyeusi kila upande, yaani jumla ya robo ya kioo. Mtunza hesabu wa ofisi naye atafaidika: Excel isiyobadilishwa mipangilio huonyesha safu wima kama 39 kwenye upana wa pikseli 2560, na kama 53 kwenye 3440. Safu mlalo hazitaongezeka hata moja.

5. Yasiyoandikwa kwenye boksi

Aibu niliyoipata ndiyo iliyonifundisha jambo la kwanza. Katika kikao kimoja cha mtandaoni cha kupitia tafsiri, nilionyesha kioo changu chote kwa wenzangu, wengi wao wakiwa na laptopu zenye upana wa pikseli 1366. Kioo cha 3440 kikabanwa humo, herufi zikabaki chini ya nusu ya ukubwa wake. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Mwanangu, hayo ni maandishi au ni siafu?" Tangu siku hiyo ninaonyesha dirisha moja tu, tena nimelipunguza upana kwanza. Mwenye kufundisha au kuwasilisha kila wiki alifikirie hili kabla ya kulipa.

La pili ni shingo. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, monita ya inchi 27 inachukua nyuzi kama 53 za upeo wa macho. Pana ya 34 inachukua 67. Ya 49 inafika 90, robo nzima ya duara. Macho pekee hayawezi kuzunguka kiasi hicho kwa raha, shingo lazima isaidie. Ndiyo maana monita pana nyingi zimepindwa. Ukiona 1800R, maana yake mpindo ni wa duara lenye nusu kipenyo cha milimita 1800; namba ikiwa ndogo, mpindo ni mkali zaidi. Vyovyote iwavyo, weka kazi kuu katikati, na pembeni uweke unachochungulia tu.

La tatu ni kompyuta yenyewe. Laptopu nyingi za zamani zenye HDMI 1.4 haziifikishi picha ya 3440 kwa 1440 kwenye hezi 60. Huishia 50 au hata 30, na kishale huwa kinarukaruka kama panzi. Nenda dukani na laptopu yako na waya wako, ijaribu hapohapo kabla pesa haijatoka mkononi.

La nne ni umeme. Monita pana hula umeme zaidi ya ile ndogo, kwa hiyo UPS iliyokuwa ikikupa dakika za kuhifadhi kazi itakupa chache zaidi. Tena kuna busara ya kutoweka mayai yote kapu moja: mwenye monita mbili za inchi 24, moja ikiungua, kesho yake anafanya kazi. Mwenye moja pana anakwenda kwa fundi. Mbili zina fremu inayopita katikati, ni kweli, lakini kwa mfasiri fremu hiyo yaweza kuwa mpaka mzuri kati ya lugha mbili.

6. Mapendekezo

Napendekeza yafuatayo. Mosi, asinunue monita pana isiyofikia kimo cha sentimita 33 yeyote anayekula kwa maandishi. Pili, mfasiri mwenye madirisha matatu kila siku achague pana ya inchi 34 yenye pikseli 3440 kwa 1440, au mbili za kawaida za inchi 24 ikiwa anahofia kuungua kwa kifaa. Tatu, mhariri achague ya kawaida ya inchi 32 au asimamishe ya 24. Nne, ofisi zisinunue za aina moja kwa wote. Mhariri na mfasiri hawavai viatu namba moja.

7. Hitimisho

Ninajua kuna walio humu wasio na monita ya aina yoyote, wanaofanya kila kitu kwenye laptopu. Huenda wamenisikiliza kama mtu mwenye njaa anayesikiliza mjadala wa pilau na biriani. Kwao nina zoezi dogo. Kwenye jalada la warsha kila mmoja ana karatasi tupu ya A4. Tutakapotoka kunywa chai, aibandike juu ya kioo cha laptopu yake. Kioo cha inchi 15.6 kina kimo cha sentimita 19 na kidogo. Karatasi itaning'inia nje kwa sentimita kumi, zaidi ya theluthi ya ukurasa. Theluthi hiyo ndiyo aliyokuwa akiikimbiza kwa kidole siku nzima, juu na chini. Aanze kwa kuinunua hiyo, hata kwa monita ya mtumba ya inchi 24. Habari ya upana tutazungumza naye warsha ijayo.