Mafunzo ya Tumbaku-mwitu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



 Mkutano uliopita tuliagana na shauri zito: je, mfuko wetu wa kusaidiana ufungwe, kwa kuwa baadhi ya waliokopa hawajarudisha? Kabla ya kupiga kura, twapenda kuwaeleza habari za mmea mmoja.

Tumbaku ilimwayo Tabora na Urambo mwaijua. Inaye ndugu wa porini, ambaye wataalamu humwita Nicotiana attenuata, aotaye katika nchi kavu za magharibi ya Marekani, kama jimbo la Utah. Mbegu zake hulala ardhini miaka mingi, hata moto upite. Moshi ndio uziamshao. Maua yake ni meupe, membamba mfano wa tarumbeta, nayo hufunguka jioni na kunukia vizuri usiku. Harufu hiyo humwita nondo mkubwa, naye akija kunywa asali ya ua huchukua unga wake na kuupeleka kwa ua jingine.

Lakini mgeni huyo ana madhara. Hutaga mayai juu ya majani, na viwavi wanaotoka huyatafuna. Nikotini, ile sumu iliyomo majanini, haiwadhuru sana. Basi mmea ufanyeje? Ukimfungia mgeni, wapoteza mchukuzi wa unga wake, ukimkaribisha, waliwa.

Wataalamu wa chuo cha uchunguzi cha Max Planck kilichoko Jena, Ujerumani, waliutazama sana mmea huu huko Utah. Mwaka 2001 walieleza ya kuwa majani yaliyotafunwa hutoa harufu nyingine, iwaitayo wadudu walao mayai na viwavi wachanga. Mwaka 2008 walionyesha ya kuwa nikotini kidogo imo hata katika asali ya ua: mgeni hunywa haba, akaenda ua jingine, na hivyo maua mengi hutembelewa. Na mwaka 2010 walieleza ya kuwa mmea ulioshambuliwa na viwavi huzidisha maua yanayofunguka alfajiri, yasiyo na harufu ile ya usiku, yakatembelewa na ndege wadogo mfano wa chozi wa kwetu, ambao watoto wao hawali majani.

Mabwana, mmea huu haukuacha kuchanua. Ulibadili saa, ukapunguza kipimo, ukaita msaada mapema. Nasi twaomba mfuko usifungwe. Mkopo uwe mdogo ili uwafikie wengi. Mshika fedha asome hesabu kila mwezi mbele yetu sote. Na aliyechelewa kulipa aulizwe mwezi wa kwanza, si mwaka wa pili. Aliyekopa akashindwa ni ndugu yetu. Na mjane wa mwenzetu, anayeungoja mfuko huo, ni ndugu yetu pia.