Kuzunguka Unguja kwa Fedha Chache



Wengi wetu tupatapo likizo hukopa ili tutembee. Likizo huisha, deni husalia. Sisi tuliazimia kuzunguka Unguja pasipo mwenzi wala deni.

Tokea Nungwi hata Makunduchi kisiwa chapata kilomita 85, na daladala za mjini hufika pande zote mbili. Nauli tuliwauliza abiria wenzetu kabla ya kulipa. Huko Paje tulitazama maji yakipwa na akina mama wakishukia mwani wao, wala hatukutoa senti. Jozani, iliyo hifadhi ya taifa tangu 2004, tulilipa kiingilio kwa radhi, maana kima punju asili yake ni Unguja tu.

Makunduchi usiku ulitukuta, na gari la mwisho limekwisha ondoka. Tuliona aibu kusema kwamba mfuko wetu ni mwepesi. Tulimwamkia mzee mmoja, akatuuliza habari, tukamweleza kweli. Akatupeleka penye chumba cha bei nafuu.

Basi ndugu, kadirieni mifuko yenu kabla ya safari, kisha msione aibu kuuliza. Aibu ile ilikwisha usiku uleule. Deni lingalitufuata mwaka mzima.